Gari la zamani linagoma kuwaka likiwa la moto: jinsi ya kulifuatilia kosa dalili kwa dalili

Asubuhi linawaka kwa kuguswa tu. Unatoka Mbagala mpaka Kariakoo kwenye foleni, unazima, unaingia dukani robo saa, ukirudi halitaki. Unapiga stata mpaka betri inalegea. Watu wanakusanyika, kila mmoja na dawa yake. Nusu saa baadaye linawaka kwa ufunguo mmoja. Kesho yake unalifikisha gereji, limepoa, linawaka mara ya kwanza, na fundi hana cha kupima. Kinachofuata ni kubahatisha: leo pampu, keshokutwa koili, wiki ijayo plagi, na pesa zote ni za mwenye gari.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja tangu mwanzo: kosa la moto lipimwe gari likiwa la moto. Dakika tano za kwanza baada ya kugoma zitakuonyesha mengi kuliko siku nzima gereji gari likiwa limepoa. Mwongozo huu ni wa kutumia dakika hizo.

Nazungumzia hasa Toyota za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa barabarani kwetu, Corolla 100 na 110, Carina, Corona na Sprinter, zenye injini za 4A-FE, 5A-FE au 7A-FE na distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Namba nitakazotaja ni za familia hiyo. Gari lako likiwa jingine, utaratibu ni ule ule, ila namba zitafute kwenye kitabu cha gari lenyewe.

Joto linafanya nini

Ukizima injini, maji hayazunguki tena na feni imesimama. Joto lililokuwa likibebwa na maji linabaki pale pale na kusambaa chini ya boneti. Ndiyo maana dakika 10 hadi 20 baada ya kuzima, distributa na nozo (zinazopuliza petroli kwenye injini) huwa na joto kuliko zilivyokuwa ukiendesha. Ukizima na kuwasha papo hapo linakubali, ukikaa dukani robo saa linagoma. Andika muda huo mahali, utamsaidia sana fundi.

Shaba nayo ikipata moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Kutoka nyuzi 30 hadi 100, ukinzani wa koili (inayozalisha umeme wa cheche) unapanda kwa zaidi ya robo. Koili nzima inavumilia, iliyochoka inashindwa hapo hapo. Lehemu yenye ufa ndani ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au ignaita (kifaa kinachokata na kuachia umeme wa koili) inatanuka na kuachana, ikipoa inagusana tena.

Weka kwenye buti mita ya umeme ya bei ndogo, plagi moja nzima ya ziada, spana namba 10, kipande cha waya, msasa na tochi. Gari likigoma, vuta pumzi, geuza ufunguo mara moja tu, usikilize. Unatafuta majibu matatu kwa mpangilio huu: injini inazunguka? cheche ipo? mafuta yanafika?

Dalili ya 1: Unasikia "ta!" moja, au kimya, injini haigeuki

Taa za dashibodi zinawaka vizuri, unageuza ufunguo, kinalia "ta!" kimoja kutoka chini. Unarudia mara sita, saba, ya nane inazunguka kwa nguvu zote.

Anza na terminali za betri, kwa sababu ndizo zinazosababisha mara nyingi na hazikugharimu kitu. Zishike kwa mkono uzitikise. Ikicheza hata kidogo, umepata pa kuanzia. Fungua hasi kwanza, safisha ukoga mweupe kwa maji ya moto na msasa, kaza, ukimalizia na hasi. Kisha pima: betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6.

Usiku, au ukiwa mbele ya ukuta, washa taa kubwa halafu piga stata. Taa zikizama kabisa, shida ni betri, terminali au waya mnene. Zikibaki na mwanga ule ule huku "ta!" inasikika, umeme umefika kwenye stata na haupiti ndani.

Hapo mtuhumiwa ni shaba za stata. Ndani ya kifuniko cha mviringo nyuma ya stata mna vipande viwili vya shaba na kichwa cha shaba kinachoviunganisha ufunguo ukigeuzwa. Nikikifungua kifuniko cha gari lililotembea sana, mara nyingi nakuta kipande cha upande wa betri kimelika mpaka kimebaki kama ukucha wa mwezi mchanga, na cha pili bado kinene. Kichwa hakivifikii vyote viwili. Ikiwa baridi kinavutwa kwa nguvu na kubahatika kugusa; ikiwa moto mvuto unapungua na kinaishia njiani. Dawa ni kubadilisha shaba zote mbili kwa pamoja na kukikagua kichwa. Kikiwa na mashimo, nacho kibadilishwe, la sivyo miezi michache mbele utalifungua tena. Usikubali kuuziwa stata nzima ya mtumba kabla kifuniko hicho hakijafunguliwa.

Baada ya shaba, fuata athi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Weka mita kwenye hasi ya betri na chuma cha injini, mwenzako apige stata. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa athi umeoza au haukukazwa. Pima vivyo hivyo kati ya chanya na boliti nene ya stata.

Cha mwisho ni waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kuja stata. Ukipiga stata, hapo pawe na volti 8 au zaidi. Zikipungua, swichi ya ufunguo imechoka, au kwa gari la otomatiki, swichi ya gia. Jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Ikikubali kwenye N peke yake, umepata jibu bila kushika spana.

Onyo: waya mnene wa stata una umeme muda wote. Toa hasi ya betri kabla ya kugusa chochote pale. Usimruhusu mtu kuunganisha stata kwa bisibisi kama vijana wa barabarani wanavyofanya. Gia ikiwa imeingia, gari linaruka na kumkanyaga aliyeinama mbele yake, na cheche ile iko karibu na mipira ya petroli.

Dalili ya 2: Inazunguka, lakini kwa kulemaa

Betri na nyaya kwanza, kwa vipimo vile vile vya juu. Kisha kaboni na bushi za stata, ambazo joto likizidi huanza kubana. Kuna moja husahaulika: distributa iliyosogezwa. Fundi akiigeuza ili gari "liwe na nguvu", cheche inawahi, na injini ya moto inaisukuma stata kinyume. Kwenye injini hizi pahala pake ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, ikipimwa kwa taa ya taimingi huku TE1 na E1 zimeunganishwa (ni matundu ya kisanduku cha chini ya boneti nitakachokieleza kwenye Dalili ya 3).

Mshale wa joto ukiwa juu kuliko kawaida, acha kupiga stata kabisa. Injini iliyochemsha huzunguka kwa uzito hivyo hivyo, na ukiilazimisha unaimaliza.

Dalili ya 3: Inazunguka vizuri, haishiki hata mara moja, ikipoa inawaka

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na ndiyo inayobahatishwa zaidi. Usianze na pampu. Anza na cheche.

Hakikisha hakuna petroli inayovuja wala harufu kali. Vua waya mmoja wa plagi, chomeka plagi yako ya ziada, uilaze chuma chake kikigusa chuma kitupu cha injini, mbali na mipira ya mafuta. Usiishike. Mwenzako apige stata sekunde mbili tatu. Unataka cheche ya bluu inayolia "tap tap tap". Ya manjano, nyembamba, inayoruka mara moja moja, ihesabu kuwa haipo. Waya wa plagi usiuache ukining'inia hewani wakati wa kupiga stata. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua ignaita, na wewe utakupiga vibaya.

Cheche haipo

Kwanza omba jibu kwa gari lenyewe. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko, na ndani ya kifuniko majina ya matundu yameandikwa. Unganisha TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Kupepesa mfululizo kwa mwendo mmoja ni salama. Mara moja, kimya kifupi, kisha mara mbili ni 12. Kompyuta haikuona injini ikizunguka, yaani koili ndogo za kuhisi ndani ya distributa au nyaya zake. 14 ni kompyuta kutopata jibu la ignaita. Soma majina mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwa sababu ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta.

Wanaosababisha, kwa jinsi ninavyowakuta:

Ignaita na koili ya cheche, ambazo kwenye nyingi za gari hizi ziko ndani au jirani kabisa na distributa, penye joto lote la injini. Koili yenye afya ikiwa baridi ina ohm 1.1 hadi 1.75 upande mdogo, na kilo-ohm 9 hadi 15.7 upande mkubwa. Ikiwa moto zinapanda kidogo. Zikiruka hadi kutosomeka kabisa, waya wake umekatika ndani na joto linautenganisha.

Koili ya kuhisi mzunguko, ile yenye alama NE. Ikiwa baridi isome ohm 370 hadi 550. Ipime likiwa limegoma, kabla halijapoa, maana asubuhi itakuonyesha namba nzuri.

Kifuniko cha distributa chenye ufa, na rota iliyolika. Vifungue, tazama kwa tochi. Ufa wa umeme huonekana kama mstari mwembamba mweusi, mfano wa unywele uliodondokea plastiki.

Nyaya za kwenye soketi ya distributa. Ganda lake huwa limekauka kwa joto, ukilikunja linavunjika kama kigae.

Sasa ujanja ninaoupenda kuliko vyote. Gari halitaki kugoma mbele ya fundi? Asubuhi, likiwa baridi, azima kikausha nywele saluni. Pasha distributa peke yake dakika kumi, mpaka mkono ushindwe kukaa juu yake, halafu piga stata. Cheche ikikatika, umelikamata kosa ukiwa nyumbani, kivulini, bila foleni wala jua. Ikibaki, hamia kwenye rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta), nayo uipashe vivyo hivyo. Kwa Honda za miaka hiyo anza na rilei hiyo hiyo, kwa sababu lehemu za ndani yake kupata ufa ni ugonjwa unaojulikana. Fundi wa redio anaweza kuzichomea upya kwa gharama ndogo. Mimi hupasha na distributa ya mtumba kwa njia hii kabla pesa haijatoka mfukoni mwa mteja.

Cheche ipo

Fungua plagi moja. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata kwa muda, mafuta hayafiki. Ikiwa mbichi na inanuka, nenda Dalili ya 4.

Hapa wengi hupotea. Watakwambia washa swichi usikilize pampu inavyovuma. Kwenye nyingi za Toyota hizi pampu haivumi kwa kuwasha swichi tu. Inasubiri stata izunguke. Ukimya huo umewafanya watu watupe pampu nzima. Kwenye kisanduku kile kile unganisha FP na +B, washa swichi, kisha sikiliza tangini au ubinye mpira unaotoka kwenye chujio la mafuta. Ukisikia mvumo na mpira ukawa mgumu, pampu inafanya kazi.

Pampu ikiamka kwa kuunganisha lakini gari haliwaki kwa stata, angalia rilei ya pampu na nyaya zake. Isipoamka, pima umeme kwenye soketi ya pampu na athi yake kabla ya kuihukumu. Umeme upo na pampu imenyamaza, hapo pampu ndiyo. Ikiwa inavuma lakini dhaifu, badilisha chujio kwanza, kisha fundi apime msukumo: psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti msukumo wa mafuta, ukiwa umevuliwa.

Kwa wanaoweka mafuta ya kufika tu na taa ya petroli inawaka kila siku: pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Tangi likiwa tupu kila mara inafanya kazi kwenye joto lake. Petroli isishuke chini ya robo tangi.

Dalili ya 4: Inashika kwa shida, moshi mweusi, harufu ya petroli

Dada mmoja aliniletea gari lililokuwa limekwisha badilishiwa plagi, waya za plagi, pampu na "sensa ya joto". Asubuhi linawaka, sokoni linagoma, likikubali linatoa moshi mweusi na plagi ni nyeusi tii. Mshale wa joto unasoma sawasawa. Aliyebadilisha sensa alikuwa amebadilisha ile ya waya mmoja, ambayo kazi yake ni kupeleka habari kwenye mshale wa dashibodi. Kompyuta ina sensa yake nyingine, ya waya mbili. Niliipima injini ikiwa ya moto, ikasoma karibu kilo-ohm 2. Hicho ni kipimo cha injini iliyolala usiku kucha.

Tazama inavyodanganya. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kilo-ohm 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 ohm 200 hadi 400. Ikiganda kwenye kilo-ohm 2, asubuhi inasema kweli na gari linawaka vizuri. Mchana inaendelea kusema injini ni ya baridi, kompyuta inamwaga petroli ya asubuhi kwenye injini ya moto, plagi zinalowa. Ilipobadilishwa gari lilipona siku ile ile. Ncha ya ile ya zamani ilikuwa na gamba la kutu, kwa sababu rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya bomba miaka yote. Weka kulanti.

Sensa ikiwa nzima, vua mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta ya mafuta. Ukiwa na petroli ndani, au ukinuka petroli waziwazi, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka na injini inanyonya petroli mbichi. Baada yake ni nozo zinazodondosha. Kwa mita ya msukumo, baada ya kuzima injini psi 21 ziwe bado zipo dakika 5 baadaye. Zikishuka haraka na plagi ya silinda moja ikawa mbichi kuliko wenzake, nozo hiyo ndiyo. Chujio la hewa lililoziba nalo huongeza, na kulitazama ni dakika moja.

Ukiwa njiani: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, iache pale pale bila kupampu, piga stata sekunde zisizozidi 10, pumzisha dakika moja, rudia. Hewa inayoingia inakausha silinda. Mara tatu zikishindikana, acha.

Dalili ya 5: Inawaka, inatetemeka nusu dakika, pengine inazima

Mara nyingi ni petroli iliyogeuka mvuke kwenye nozo baada ya msukumo kupotea, kwa kuwa vali ndogo ya pampu haizuii tena petroli kurudi tangini. Kabla ya kuwasha, unganisha FP na +B sekunde tano, toa waya, piga stata. Likiwaka safi, umethibitisha. Halafu vali ya sailensi (inayopitisha hewa pedali ikiwa haijakanyagwa) iliyojaa masizi, na mpira wa hewa uliopasuka. Zote zikiwa nzima, fundi apime kompresheni injini ikiwa ya moto. Chini ya psi 142, au silinda zikiachana kwa zaidi ya psi 14, shida ni vali au ringi na hakuna sensa itakayoisaidia.

Gari la kabureta

Peugeot 504 na pikapu za zamani zina ugonjwa rahisi zaidi: petroli inachemka ndani ya kabureta na kumwagikia kwenye manifoldi, njia ya kuingilia injini. Fungua boneti dakika kumi, kanyaga pedali mpaka chini bila kupampu, piga. Likiwa la kila siku, tazama ile gasketi nene ya chini ya kabureta inayozuia joto. Mafundi wengi huitoa na kuweka karatasi.

Acha, mwite fundi

Petroli inadondoka au unaiona inalowesha chochote chini ya boneti: toa hasi ya betri, sogeza watu na sigara zao, usipime cheche.

Fyuzi ile ile inaungua mara ya pili. Usiweke kubwa zaidi, wala waya.

Waya wowote unatoa moshi au umekuwa wa moto kushikika baada ya kupiga stata.

Injini imechemsha. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka iwe inashikika kwa mkono.

Kazi inahitaji kufungua tangi au kulegeza mpira wa petroli, na hujawahi kuushusha msukumo kabla ya kufungua.

Na kama umepiga stata muda mrefu kwenye Dalili ya 4, vuta kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, oili imechanganyika na imekuwa nyepesi. Gari livutwe, oili na chujio vibadilishwe kabla injini haijawashwa tena.